Mgonjwa wa Jumatatu

Juma zima Ningrum alipita nyuma ya kantini ili asionane na mtu. Haikusaidia. "Jamani pisheni, ambulensi inapita," wenzake wa tiba ya viungo walimtania, na aibu ikamla.

Na alijitakia mwenyewe. Kwenye mtihani wa vitendo alimkunja mgonjwa goti, mgonjwa akapiga ukelele, naye akatoka mbio akiita daktari. Kumbe mgonjwa ni mwigizaji, kalipwa apige kelele. Bwana msimamizi, Pak Kuswanto, alicheka hadi akavua miwani.

"Mbak, dada yangu, kwenye mtihani hatuiti mtu. Unasema ungefanya nini, mimi naweka alama. Rudi Jumatatu. Ukikimbia tena, chuo hiki basi."

Jumatatu aliingia, akamkuta Pak Kuswanto peke yake, kaketi kwenye kitanda cha mgonjwa. Ningrum akaelewa. Waigizaji wakikosekana, walimu hujifanya wagonjwa wenyewe, na huyu ndiye hodari wao.

"Habari za asubuhi, Pak. Unaumwa wapi?"

Pak Kuswanto alimung'unya maneno yasiyoeleweka.

"Hebu tabasamu."

Upande mmoja wa mdomo ulikwenda, wa pili ukabaki ulipo.

"Inua mikono yote miwili."

Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulilala pajani kama si wake.

Moyo ulimtuma mlangoni. Ningrum akaukatalia. Mzee anajua kuigiza huyu, hata ute kautoa, lakini safari hii hachekwi mtu.

Pak Kuswanto alimshika koti, akavuta, macho yamemtoka.

"Leo hunipati, Pak," alisema kwa adabu, akaurudisha ule mkono pajani. Kisha akanyoosha mgongo na kutamka kila kitu kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. "Hiki ni kiharusi. Ningeita daktari papo hapo. Ningemlaza kiubavu. Ningeandika saa kilipoanza."

Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akasubiri alama. Alisubiri dakika kumi nzima, ametulia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile hakuona haya kumtazama mwalimu usoni.

Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja aliingia akihema, kofia ya pikipiki mkononi.

"Mniwie radhi, Mbak, foleni imenishika. Mimi ndiye mgonjwa wako."