Safari ya Kwenda Kumuua Tai

Talgat alipanda basi la asubuhi kwenda kumuua tai ambaye alikuwa amekwisha kufa tangu Agosti.

Silaha hakuwa nayo. Alikuwa na maneno tu, na hayo yenyewe yalikuwa yakimkimbia. Mzee mwenye kofia ya manyoya aliyeketi kando yake alimsikia akinong'ona peke yake, akavuta mzigo wake karibu. Ana haki, Talgat alijiambia. Mtu mzima mwenye shahada mbili za ndege, anafanya mazoezi ya kumsingizia tai kifo!

Mambo yalianza kiangazi. Kituo chao cha utafiti wa ndege kilimfunga kinda wa tai wa nyika kidude cha kutuma ishara mgongoni, ili wafuatilie safari zake akishatoka kiotani. Kiota kilikuwa kwenye kilima nyuma ya nyumba ya Orinsha, mjane mfuga kondoo, ambaye kila mtu alimwita Apa kama sisi Wakazaki tunavyowaita bibi zetu wote. Msimu mzima Apa alikuwa akifukuza mbwa na mbweha wasimguse yule kinda.

Kinda akaruka. Wiki haikuisha, alama yake kwenye ramani ikaganda chini ya nguzo za umeme, ikazimika. Mtaalamu yeyote anajua maana yake: umeme umemuua. Talgat angekwenda kutazama, lakini siku zile zile mama yake alifariki.

Ijumaa aliyorudi kazini, simu ya kwanza ilikuwa ya Apa.

"Mwanangu, kuhusu yule mtoto wetu..."

"Niwie radhi, Apa, bado sijashika kazi. Jana ndiyo nimetoka kumzika mama."

Kikongwe akakohoa, akampa pole, akamwombea marehemu. Kisha akauliza polepole, "Haya, yule mtoto wetu yuko wapi sasa?"

Kifo cha pili kiligoma kumtoka Talgat kinywani. "Amevuka mpaka, Apa. Yuko Uzbekistan. Mzima kabisa."

Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Kila Ijumaa Apa alipiga, na kila Ijumaa Talgat alimrusha tai mbele kidogo: Iran, Arabia, ng'ambo ya Bahari ya Shamu, mpaka Afrika Mashariki. Bingwa wetu, ambaye mwenyewe hajawahi kuvuka mji wa Almaty, akamnyeshea tai mvua na kumlisha kumbikumbi.

"Kumbikumbi ndio nini?"

"Wadudu wenye mabawa, Apa. Wana mafuta."

"Lo! Na wewe umekula nini leo?"

"Mkate na chai."

"Mkate na chai! Kumbe ndege anakushinda! Hebu chukua kalamu nikueleze nyama inavyochemshwa."

Sasa theluji ilikuwa imeyeyuka na tai walikuwa wakirejea. "Njoo," Apa alimwambia, "tumngoje wote wawili." Ndipo Talgat alipojua amekwisha. Angeweza kubuni yote, lakini tai wa kutua kilimani angemtoa wapi? Ilibidi afe, na afe leo.

Sisi Wakazaki hatumpigi mtu usoni na habari ya msiba. Tunazunguka. Aliyefiwa na mwana tunamwambia, "Ndege ameruka mkononi mwako." Je, msiba ukiwa wa ndege mwenyewe, unasemaje? Mtu ameruka mkononi mwako? Talgat alijaribu risasi ya mwindaji, akaona Apa atamlaani mwindaji asiye na kosa. Akajaribu uzee. Uzee, tai hajatimiza mwaka! Akacheka kwa sauti, na mzee wa kofia akahama kiti.

Apa alimpokea mlangoni, akamvuta kichwa na kumnusa kipaji cha uso, kama tunavyowasalimu watoto wetu. Mezani palikuwa na nyama ya farasi, maandazi na chai ya maziwa. "Umekonda wewe! Kula." Talgat akala mpaka jasho likamtoka. Hatimaye akasukuma sahani.

"Apa, kuna ndege ambaye akiruka mkononi..."

"Sema tu, mwanangu."

"Amekufa, Apa. Dhoruba. Alikuwa njiani kurudi."

Na hapo aliyeangua kilio ni yeye, si kikongwe. Alilia kwa kwikwi, kamasi zikimtiririka, mbele ya mwanamke ambaye yeye ndiye alikuja kumfariji. Hata makaburini hakulia hivyo. Aliona aibu, na hakuweza kunyamaza.

Apa alimwacha alie. Alipotulia, akammiminia chai nyingine.

"Alikuwa hodari," alisema. "Amefika mbali." Akapangusa meza iliyokuwa safi tayari. "Basi Ijumaa tutakuwa hatuna la kuzungumza?"

Safari nzima ile ya basi Talgat hakuwa amelifikiria swali hilo.

Mgeni wetu haondoki mikono mitupu. Apa alimfungia kitambaani mabaki ya mezani, akakaza fundo. "Kula njiani. Kula mpaka chini, usibakishe."

Basi lilipotoka kijijini, Talgat akafungua fundo. Akala andazi la kwanza, la pili, la tatu. Chini kabisa mkono wake ukagusa soksi ya sufu, na ndani ya soksi kulikuwa na kitu kigumu. Akakitoa. Kilikuwa kile kidude cha mgongoni, kimepanguswa vizuri, ubavu mmoja umeungua, mkanda wake umekunjwa.

Akapiga simu.

"Apa, hiki ulikiokota lini?"

"Ile Ijumaa niliyokupigia mara ya kwanza. Mimi pia nilikuwa nimetoka kumzika." Akasikika akinywa chai. "Haya, niambie, mtoto wetu leo yuko wapi?"