Shati la Marehemu

Mzee wa Kikozaki, jamii ya wapiganaji wapanda farasi wa Urusi, alipofungua zizi la farasi, alimkuta askari wa Jeshi Jekundu la wakomunisti amelala kwenye nyasi, jeraha likimvuja damu. Alikuwa amevaa shati la mwana wa mzee huyo, yule waliyemuua Wekundu kando ya mto Don.

Hasira zikampanda hadi utosini. Akachomoa upanga.

"Ustinya!" alimfokea bintiye, aliyekuwa amepiga magoti kando ya adui huyo. "Wamuue kaka yako, kisha uwavishe nguo zake? Huna haya?"

"Si yeye aliyemuua, baba. Nampenda. Ukimkata, anza na mimi."

"Basi naanza na wewe, mwanaharamu!"

Alipouinua upanga, mkono wake ukadakwa kwa nyuma. Vidole vilivyomshika vilikuwa na unga wa mkate uliokandwa, bado mbichi. Ni mkewe, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kumpandishia sauti.

"Shati nimelitoa mimi," alisema. "Mwanangu wa kwanza ulimpeleka vitani mwenyewe, nikanyamaza. Binti yangu huyu humgusi."

"Niachie, mwanamke!"

Hakumwachia. Kucha zake zilizama nyamani.

"Ustinya, kamtandike farasi wa baba yako, mwende wote wawili."