Kigae cha Ngazi ya Tatu

Niligonga vigae vya barazani na ngazini kwa mpini wa mwiko wangu wa uashi, kimoja kimoja. Vyote viliita ti, ti. Cha ngazi ya tatu kikaita bo.

Chini yake pana uwazi. Jana nilikimbizana na mvua, gundi nikaibandika mabonge mabonge badala ya kuitandaza. Maji yataingia, baridi ya Minesota iyagandishe, kigae kiinuke. Na Bi Solveig, mwenye nyumba, alishavunjika nyonga mara moja.

"Fundi, unambishia nani hodi huko chini?" akacheka mlangoni, mkongojo mkononi. "Kazi si imeisha? Njoo tunywe kahawa."

Nikakitazama kile kigae. Kimelala sawasawa, kinang'aa. Nani angejua?

Akainua mguu ashuke.

"Rudi ndani, mama!"

Tindo ya kuking'olea kigae nilikuwa nimeshaishika.