Matusi ya Mtani

Mzee Kapalata hakuwa na mke, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na mtu wa kumtukana. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma.

Zamani, kila alipoandika kwenye blogu yake, mtani wake Mwanamvua wa Kisarawe alimvamia: "Wewe Mnyamwezi, upuuzi mtupu! Kufa haraka nije nirithi kitanda chako!" Mzee alicheka mpaka machozi. Siku hizi mtambo wa kompyuta husafisha kila neno kali kabla halijamfikia mwenye blogu. Mwanamvua sasa husomeka: "Ahsante kwa makala yenye manufaa."

"Si afadhali, baba?" binti yake Nshoma alimuuliza. "Heshima tupu."

"Heshima gani? Hata marehemu Sizya, msomaji wangu tuliyemzika juzi, bado ananishukuru; mtambo humwandikia. Nitajuaje kama Mwanamvua yu hai?"

Akachukua karatasi, akaandika: "Mla nazi wee! Kama hujafa, nitukane kwa mkono wako mwenyewe." Akailamba bahasha, akaifunga vizuri, akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.

"Ahsante," sanduku likamwambia kwa upole, "kwa barua yenye manufaa."