Ganzi ya Mkono wa Kushoto

Baiskeli ilirudi kibandani kwa mara ya tatu, na mara hii nayo Rozina alikuwa ameikokota kwa miguu kutoka kule juu mawenimaweni, Ilemela.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Usiniambie."

"Mkono bado unakufa ganzi."

Luhende aliweka spana chini. Miaka ishirini na miwili yuko hapo Pasiansi, na hajazoea kurudishiwa kazi. Tena mara tatu! Tena na mwanamke mpole kiasi kwamba hata kumgombeza huwezi.

Ilikuwa baiskeli ya resi, nyekundu, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo. Mwenyewe ni Ogada, mume wa Rozina, aliyekuwa akishindana huko Musoma kabla hawajahamia Mwanza kufuata hospitali. Luhende hakuwahi kumtia machoni.

Mara ya kwanza alipandisha usukani kidogo, maana ukiwa chini mno uzito wote wa mwili unalalia viganja. Mara ya pili akasawazisha siti, iliyokuwa imeinama ikimsukuma mtu mbele, kisha akafunga tepu mpya pande zote mbili. Akatuma na maneno: mwambie asikaze viwiko, ahamishe mikono mara kwa mara, avikunje vidole na kuvikunjua.

"Hayo ulimwambia?"

"Nilimwambia." Rozina alitazama barabarani. "Anasema vimejikunja vyenyewe, havikunjuki."

"Mkono upi hasa?"

"Wa kushoto. Siku zote ni huo huo."

"Akipumzika haupoi?"

"Haupoi. Na usiku ndiyo balaa. Leo siku ya nne hajalala, fundi, na chakula anakitazama tu. Jana kaniambia amechoka kuishi." Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Naogopa hata kutoka nyumbani."

Hasira za Luhende zikamwisha. Ganzi aliijua. Ujanani aliwahi kushindana kutoka Bujora, akafika wa nne, na jioni yake mkewe ndiye aliyemfungulia vifungo vya shati huku majirani wakimcheka. Lakini kulipokucha vidole vilikuwa vimerudi. Hii ya siku nne ilimtisha.

Akaikagua upya baiskeli. Tepu ya upande wa kulia ilikuwa imeingia jasho na weusi wa kiganja. Ya kushoto ilikuwa safi vilevile kama siku aliyoifunga. Anaukwepa upande huu, akawaza, maumivu yamemzidi maskini ya Mungu.

Basi akabandua ile tepu ya kushoto. Akachukua tyubu kuukuu, akaikata vipande virefu, akauzungusha mpira ule kwenye usukani, na pale panapokaa kiganja akazungusha mara mbili. Juu yake akafunga tepu nyingine. Akapabonyeza kwa kiganja chake mwenyewe. Palibonyea kama andazi la moto, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akaridhika na kazi yake.

"Safari hii nakuja mwenyewe," akasema. "Usukani hupimwa mwenye baiskeli akiwa ameushika. Mimi nimekuwa mjinga, nimepima kwa maneno ya kutumwa."

Rozina alishtuka. "Usijisumbue, fundi."

"Shemeji, mtu hajalala siku nne."

Mwanamke alisimama akisokota ncha ya khanga yake. "Basi nikuombe kitu kimoja. Ukifika, usimwambie kwamba kosa haliko kwenye baiskeli. Kila anayemwambia hivyo anamfukuza."

"Kama haliko kwenye baiskeli, liko wapi sasa?"

Rozina alishika baiskeli nyuma, Luhende akaishika mbele, wakaanza kupanda.

Nyumba yenyewe ilikuwa imebanwa katikati ya majabali mawili, na ziwa lilionekana chini kipande tu. Njiani Luhende aliongea peke yake: habari za viwiko, za siti, za glavu zenye sponji ambazo angemtafutia. Alitaka sana kazi hii ifae. Hakujua lini mara ya mwisho alitaka hivyo.

Ogada alikuwa kwenye kochi, amejifunika kitenge mpaka kidevuni ingawa ndani mlikuwa na joto la kukausha samaki. Macho yalikuwa yamezama. Alipoiona baiskeli ndipo alipoinua uso.

"Ndiye wewe fundi," akasema. "Nakusumbua, ndugu yangu. Lakini kidole gumba kimechimba kiganjani, hakitoki. Mke wangu anadhani natania."

"Sidhani hivyo, baba Akelo," Rozina akasema.

"Hata mimi sidhani," akasema Luhende. "Ganzi mimi naijua. Leo tutaimaliza."

Akaisogeza baiskeli mpaka mbele ya kochi, akaibana gurudumu kwa magoti yake ili isiyumbe.

"Haya. Shika kama unavyoshikaga kwenye resi, nikuone."

Mkono wa kulia ulitoka chini ya kitenge, ukashika usukani kama mtu aliyezaliwa nao. Luhende akasubiri.

"Na wa kushoto," akasema.

Rozina aliondoa kitenge mabegani mwa mumewe, akakikunja taratibu, akakiweka kando. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa mtupu, umekunjwa hadi juu na kubanwa begani kwa pini. Akapiga magoti ubavuni pake, akapitisha mkono wake mwenyewe chini ya bega lile, akaushika usukani pale penye mpira mpya.

Ogada akafumba macho.

"Hapo hapo, fundi," akasema. "Vidole vinakunjuka."