Turiga ya Perisi

Sheria iliipa kila kaya ya Hombolo mmea mmoja wa kuokoa usitoweke duniani, na Perisi alipangiwa Turiga, zabibu nyekundu ya Ureno. Ilizaa vichala haba, vya punje ndogo. Zamani Wareno wenyewe waliing'oa kwa uchoyo wake huo wa kuzaa, kisha wakaililia walipoikumbuka divai yake nzito.

"Shoga, hizo zabibu au pilipili manga?" jirani yake Dorkasi alimtania kila msimu.

Mwaka jana Perisi alichoka kuchekwa. Aliukata mzabibu karibu na ardhi, akalibebesha shina vikonyo, vipande vya matawi ya mzabibu wa Dorkasi, viote juu yake, na matawi ya Turiga akapikia ugali.

Leo bwana shamba, ambaye hajawahi kuiona Turiga, alifika kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Joto limeimaliza Turiga yote ya Ureno. Imebaki hii yako tu." Akashika kichala kizito. "Kumbe ikipendwa inazaa hivi! Naomba vikonyo ishirini, Wareno wakapande upya."

"Marahaba," Perisi alijibu, uso ukimwaka.

Ng'ambo ya ua, Dorkasi alizitambua zabibu zake, akaendelea kupalilia.

Perisi alikata vikonyo ishirini, akavifunga kwa kitambaa kibichi. Bwana shamba alivipokea kwa mikono miwili, akamshukuru kwa niaba ya Wareno.