Namba za Mto

Nyamizi alilifungua kwa mara nyingine faili la kukadiria mafuriko. Mchoro wa mto ulihamia wote kwenye kompyuta mpya, lakini vipimo havikuhama. Visanduku alivyovijaza kiangazi kizima, akiuliza nyumba kwa nyumba mafuriko ya zamani yalifika wapi ukutani, sasa vilikuwa na namba za mfano zilizokuja na programu. Kompyuta ya zamani ilikwisha kufutwa.

Taarifa ya mvua kubwa ya milimani ilikuwa imefika. Kwa namba hizi, mstari wa maji ulipita chini ya vizingiti vya nyumba za bondeni. Alipoongeza namba moja kidogo tu, ulivuka madirisha.

"Dada, tuhame tusihame?" aliuliza Bwana Chilongani, mwenyekiti wa mtaa wa bondeni, akiwa mlangoni mwa ofisi. "Watu wameshafunga magodoro. Mwaka jana niliwahamisha bure, mpaka leo wananiita Nabii Nuhu. Nikikosea tena, hawatanisikia kamwe."

"Mashine inasema mbaki. Lakini inasema kwa namba zisizo zetu."

"Basi rudisha zetu."

Alijaribu kuzikumbuka. Mstari ulipanda na kushuka, ukitii kila alichoandika.

"Twende tukazisome tena alama ukutani," alisema.

"Kuta tulizipaka chokaa kwa ajili ya sikukuu, dada."

Nje, mwanamke mwenye godoro kichwani alikuwa amesimama katikati ya njia, akilitazama dirisha lao. Nyamizi aliinua mkono, asijue bado kama anamwita au anamrudisha.